Alama ya Rangi Kwenye Propela

Wa kwanza kuugundua ugonjwa wa gari langu alikuwa mama yangu, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Alikaa kiti cha nyuma, katikati, viatu amevua kama kawaida yake akisafiri, miguu ameiweka juu ya lile tuta linalopita katikati ya sakafu. Tulipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa akanigusa bega. "Mwanangu, huku chini kunatetema. Nyayo zinaniwasha." Nikamwambia ni barabara. Lakini tulikuwa kwenye lami laini iliyonyooka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Mbele nilikokaa, usukani ulikuwa umetulia tuli.

Tuta lile ndiyo njia ya propela. Gari langu lina miaka 23, limeshatembea kilomita 261,000, na linasukumwa na magurudumu yote manne muda wote. Injini iko mbele. Ndani ya giaboksi kuna difu ya katikati inayogawa nguvu: fungu moja linakwenda magurudumu ya mbele kupitia shafti fupi zenye sivii joint, viungo vinavyokunjika bila kuvuruga mwendo, fungu la pili linasafiri hadi difu ya nyuma kupitia shafti ndefu ambayo mafundi wanaiita propela. Propela yangu ina vipande viwili. Vinakutana katikati ya gari, na hapo vinashikiliwa na senta beringi iliyozungushiwa mpira mnene. Propela hiyo ina krosi tatu, yaani viungo vya chuma vinavyoiruhusu kukunjwa huku ikizunguka: moja nyuma ya giaboksi, moja katikati, moja mlangoni mwa difu.

Hayo yote niliyajua kwa kusoma. Sikuwahi kuyashika.

Nilianza kwa matairi, kwa sababu ndiko kila mtu anakoanza. Nikapima balansi mara mbili. Nikahakikisha yote manne yana ukubwa mmoja na yamelika sawasawa, jambo ambalo kwenye gari la namna hii lina uzito kuliko watu wanavyodhani: tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochoka lina mzingo mrefu zaidi, kwa hiyo linazunguka polepole kidogo kuliko wenzake, na tofauti hiyo difu ya katikati inalazimika kuimeza kila mita ya safari. Matairi yangu yalikuwa sawa. Mtetemo haukubadilika hata kidogo.

Kuna jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari alijue, maana halihitaji hata spana. Ukiwa kwenye barabara nyoofu isiyo na gari jingine karibu, fikisha mwendo unaoleta mtetemo, kisha weka gia huru na uache injini ishuke hadi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa. Mtetemo ukipotea pamoja na mngurumo wa injini, chanzo ni injini au mipira inayoishikilia. Ukibaki na kupungua taratibu kadiri gari linavyopunguza mwendo, chanzo ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Wangu ulibaki. Tena ulikuwa na tabia yake: ulianza karibu kilomita 70, ukawa mkali kati ya 80 na 90, ukafifia baada ya 100. Pamoja nao kulikuwa na mlio mwingine, kishindo kimoja kifupi cha chuma, "ko!", kila nilipotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele.

Hapo nikafanya hesabu ambayo hadi leo naiona ndiyo iliyonifungulia mlango, ingawa wakati ule niliisoma nusu tu. Mzingo wa tairi langu ni kama mita 2. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 kila sekunde. Propela inazunguka haraka zaidi ya magurudumu, kwa sababu difu ya nyuma inapunguza kasi kwa uwiano wa 4.11. Mara 11 zidisha kwa 4.11, unapata mizunguko kama 46 kwa sekunde. Nikaiweka simu sakafuni juu ya lile tuta, nikafungua programu ya kuchambua sauti, tukaenda kilomita 80 thabiti huku ndugu yangu akiwa ndiye anayeendesha. Kilele cha mngurumo hakikuwa kwenye 11, kwa hiyo matairi hayakuwa na hatia. Hakikuwa kwenye 46 vilevile. Kilikuwa kwenye 91 au 92, yaani mara mbili ya mzunguko wa propela.

Kitu kinachotikisika mara moja kwa kila mzunguko, mara nyingi kimepoteza balansi: upande mmoja ni mzito. Kinachotikisika mara mbili kwa kila mzunguko, mshukiwa ni krosi, kwa sababu ya namna krosi inavyofanya kazi. Nikahitimisha kwamba krosi imekufa. Nilikuwa sahihi, na bado nilikuwa sijafika.

Kulala chini ya gari ni jambo la kufanya kwa heshima. Jeki ni ya kuinulia tu. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ameweka roho yake juu ya sili moja ndogo ya mpira. Niliweka stendi nne, nikalisukuma gari kwa bega kuona kama linatikisika, ndipo nikaingia. Gia ikiwa huru na magurudumu yote hewani, propela inazunguka kwa mkono. Nikaishika kila upande wa kila krosi na kujaribu kuzikamua kinyume, kama mtu anayekamua nguo. Ya mbele ilikuwa ngumu, haina mchezo. Ya nyuma vilevile. Ya katikati ilicheza hadi nikauona mchezo wenyewe kwa macho, karibu milimita moja, na kuzunguka vikombe vyake, vile vinavyofunika ncha za mikono yake minne, kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama poda. Vumbi hilo ni visindano vya ndani ya vikombe vinavyosagika bila grisi. Ukiliona, usisubiri mlio.

Mtu mmoja niliyemwonyesha picha alinishauri niitoe propela kabisa, niendeshe kwa magurudumu ya mbele hadi nipate spea. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi na nataka niupinge kwa nguvu. Kwenye gari lenye difu ya katikati, nguvu hufuata njia nyepesi. Ukiondoa propela, njia nyepesi ni lile tundu tupu la nyuma, na gari linaweza kukataa kusogea kabisa. Kama difu hiyo ina kizuizi cha mafuta mazito kinachozilazimisha pande mbili kwenda pamoja, gari litasogea, lakini kizuizi hicho kitakuwa kinapigana na tofauti ya mwendo isiyokwisha, kitapata joto na kuungua. Utakuwa umebadilisha ugonjwa wa krosi kwa ugonjwa wa giaboksi. Nako kuendelea kuendesha krosi ikiwa imelegea kuna hatari yake: krosi ya mbele ikikatika, ncha ya propela inaanguka na kuchimba barabara, gari likiwa kwenye mwendo.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja nilichukua rangi nyeupe na brashi ndogo. Nikapiga mstari unaovuka flanji ya difu na flanji ya propela, zile sahani mbili zinazofungwa pamoja kwa bolti. Nikapiga mwingine unaovuka pande mbili za krosi ya katikati. Sababu ni balansi. Propela hupimwa ikiwa imekamilika, na kiwandani hubandikwa vibati vidogo vya chuma ili pande zote ziwe na uzito sawa. Ukikirudisha kipande kimoja kikiwa kimegeuzwa nusu mzunguko, vibati vile vinaweza kuongeza kosa badala ya kulipunguza. Gramu 10 tu, zikikaa sentimita 3.5 kutoka katikati ya mhimili, kwenye mizunguko 3,400 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa propela yangu nikiwa kwenye kilomita 100, zinavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo nne na nusu. Zinavuta juu, chini, kushoto, kulia, mara 57 kila sekunde. Kwa hiyo nilipiga alama zangu kwa uangalifu wa mtu anayeandika wosia.

Bolti nne za flanji, mbili za kishikizo cha senta beringi, kisha propela ikachomoka giaboksi kama upanga kwenye ala. Nilikuwa nimeinua pua juu zaidi ili nipate nafasi, na huko ni kukosea: mafuta ya giaboksi yalinifuata. Inua nyuma ya gari, au uwe na kizibo tayari mkononi.

Krosi yenyewe ilikuwa na habari mbaya. Kwenye magari mengi ya zamani, vikombe vinne vya krosi hushikwa na klipu za pete. Unazitoa kwa koleo, unasukuma, kazi inakwenda. Yangu haikuwa na klipu. Kiwandani walikuwa wameusukuma ubavu wa chuma kwa ndani na kuvifungia vikombe humo milele, kwa maana kwamba krosi ikifa ununue propela nzima. Propela nzima ya gari la umri huu ni ya kuotwa, na iliyotumika inaweza kuja na ugonjwa uleule. Lakini kuna krosi za kipimo hicho zinazotumia klipu za upande wa ndani, na fundi mmoja mzee aliyekuwa na mashine ya kukandamiza alikubali nitumie meza yake, kwa sharti kwamba anisimamie.

Tulisaga zile kingo za chuma kwa uangalifu, kidogo kidogo, bila kugusa panda zenyewe. Panda ndiyo ile sehemu yenye ncha mbili inayoishika krosi, kama panda ya manati inavyoshika mipira. Kila krosi inashikwa na mbili, zimekabiliana kwa pembe mraba. Soketi ndogo upande mmoja ili isukume, soketi kubwa upande wa pili ili ipokee, na mashine ikabana hadi kikombe cha kwanza kikatoka na sauti kama ya kufungua chupa. Ndani hapakuwa na grisi hata tone. Visindano viwili vilikuwa vimevunjika, na mkono mmoja wa krosi ulikuwa na mifereji ambayo ukucha uliweza kuihisi mmoja baada ya mwingine.

Kuingiza mpya ndiko kulikochukua mchana. Kila kikombe kina duara la visindano vilivyosimama bega kwa bega, na kinachovishikilia ni grisi tu. Ukigonga vibaya, kisindano kimoja kinalala chini ya kikombe. Hutakiona. Utakachoona ni kikombe kinachokataa kuzama milimita mbili za mwisho, na klipu isiyoingia kwenye mfereji wake. Hapo ndipo watu wengi huchukua nyundo. Fundi aliniwekea mkono juu ya mashine. "Ukikilazimisha, umekiua," alisema. "Kitoe, hesabu upya." Nikakitoa, na kisindano kilikuwa kimelala kama alivyosema. Tulirudia kikombe cha tatu mara tatu. Mwishowe klipu zote nne zikaingia kwa mlio safi, tukagonga mabega ya panda kwa nyundo ya shaba ili vikombe vikae kwenye nafasi yake, na krosi ikawa inakwenda kila upande kwa ulaini uleule, bila kukwama mahali popote.

Nikairudisha propela chini ya gari. Alama nyeupe zikakutana, mstari kwa mstari. Nikaongeza mafuta ya giaboksi, nikabana bolti kwa kipimo cha kitabu, nikaingia barabarani.

Kile kishindo cha "ko!" kilikuwa kimekwisha kabisa. Mtetemo ulikuwa umepungua, labda kwa nusu. Lakini ulikuwepo. Simu ikaonyesha kilele palepale, 91.

Wiki mbili nilizunguka na swali hilo. Krosi mpya, mchezo hakuna, balansi haihusiki kwa sababu balansi ingeonekana kwenye 46. Nikarudi kwa yule mzee. Hakuangalia gari, aliuliza swali moja tu: "Hii propela ilishawahi kufunguliwa katikati?" Nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma, gereji moja iliibadilisha senta beringi. Akaniambia, "Basi kaangalie panda zake kama zinatazamana."

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu krosi ambacho kila anayeigusa angefaa akijue. Kiungo hiki ni cha kale. Jina la Gerolamo Cardano, mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16, bado linatajwa pamoja nacho. Karne iliyofuata, Mwingereza Robert Hooke alikichunguza na kuona jambo la ajabu: kikiwa kimekunjwa kwa pembe, upande unaoingia ukizunguka kwa mwendo sawia, upande unaotoka hauzunguki sawia. Unaharakisha, unachelewa, unaharakisha, unachelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Hooke aliona faida humo, maana kivuli cha saa ya jua nacho hakitembei sawia kwenye uso wake, na kiungo kile kiliweza kukiiga. Kwenye gari hakuna anayehitaji kivuli. Krosi iliyokunjwa kwa nyuzi 10, shafti ikiingia na mizunguko 3,000 kwa dakika, upande wa pili unapanda hadi 3,046 na kushuka hadi 2,954, na kurudia hivyo mara 100 kila sekunde. Pembe za propela yangu ni ndogo kuliko hiyo, lakini tabia ni ileile.

Dawa yake ni krosi ya pili. Ukiweka krosi mbili kwenye shafti moja, zenye pembe sawa, na panda za ncha zote mbili za shafti zikakaa kwenye bapa moja, haraka ya krosi ya kwanza inakutana na uchelewevu wa krosi ya pili, na kinachofika mwisho ni mwendo uliotulia. Panda zikikosana, dawa inapungua nguvu. Zikikosana kwa pembe mraba kamili, krosi ya pili inaongeza kosa la kwanza juu ya lake. Magurudumu ya mbele yasingeweza kuvumilia mchezo huo kabisa, kwa kuwa yanakunjwa sana wakati wa kukata kona. Ndiyo maana huko kuna sivii joint, ambayo katika muundo wa Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920 hutumia gololi sita zinazokaa daima kwenye bapa linaloigawa pembe katikati, na mwendo unatoka kama ulivyoingia.

Nililala tena chini ya gari. Nikaweka rula bapa kwenye panda ya mbele, nyingine kwenye panda ya katikati, nikazitazama kwa ncha. Hazikutazamana. Panda ya katikati hukaa kwenye meno ya shafti na hubanwa na nati moja kubwa. Ukibadilisha senta beringi lazima uichomoe, na meno yale yanakubali kuipokea kwa namna yoyote. Ilikuwa imerudishwa meno mawili nje ya mahali pake. Kwa miaka mitatu krosi ya katikati ilikuwa inapigwa mara mbili kila mzunguko, hadi ikakauka na kusagika. Mpira wa senta beringi nao, nilipoumulika kwa tochi, ulikuwa umechanika karibu nusu ya duara. Nilichokuwa nimekitengeneza ni kilichoumizwa. Na alama zangu za rangi, nilizozipiga kwa uangalifu wote ule, zilikuwa zimelirudisha kosa mahali pake kwa usahihi kamili.

Hilo liliniuma zaidi ya mafuta yaliyonimwagikia. Alama inakuambia kitu kilikuwaje ulipokikuta. Haikuambii kama kilikuwa sawa. Tangu siku hiyo, kwenye kitu chochote kilichowahi kufunguliwa na mkono mwingine, nasoma kwanza kitabu cha gari ndipo napiga rangi. Na kitabu ni lazima, kwa sababu si kila propela ya vipande viwili inataka panda zitazamane. Zipo zilizopangwa makusudi kwa pembe nyingine. Cha kwangu kilizitaka bapa moja.

Tulifanya kazi ya pili kwa nusu siku. Tulinyoosha ukingo wa nati uliokuwa umegongwa kwa tindo ili isilegee, tukaivuta panda kwa kichomoleo, tukaweka senta beringi mpya. Hata hiyo ina upande wake wa mbele. Ukiigeuza, kishikizo kinakaa mahali tofauti na mpira unavutwa tangu siku ya kwanza. Kisha panda ikarudi kwenye meno, rula mbili zikatazamana kama reli, nati mpya, tindo, bolti.

Barabara ileile, kilomita 80. Simu ilionyesha mngurumo wa matairi na wa upepo, na pale kwenye 91 palikuwa tambarare. Nilipanda hadi 110 nikashuka tena polepole, nikisubiri. Hakikuja kitu. Baada ya kilomita 500 nilirudi chini ya gari na kuzipima bolti zote tena. Moja ya kishikizo ilikubali robo mzunguko, nyingine zilikuwa zimekaa.

Mama alipanda tena mwezi uliofuata. Alivua viatu, akaweka miguu juu ya tuta, na sikumuuliza chochote. Tulikuwa tumekwenda mbali tayari alipoinamisha kichwa upande wa dirisha. "Chini kumetulia," alisema. "Sasa kuna kitu kinaimba huku kulia." Nilipunguza mwendo nikasikiliza. Ni beringi ya gurudumu la nyuma la kulia, inavuma kuanzia kilomita 60, na inabadilisha sauti gari likiegemea kona. Bila shaka ilikuwepo siku zote, chini ya ule mngurumo mkubwa. Nimeshaiagiza.